Ahadi ya Mungu Haimwondolei Mtu Jembe

Ahadi ya Mungu ya kurejesha kilichoharibika ndiyo nguzo ya mnyonge wakati wa dhiki. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli kwamba watarudishwa kwao, ila baada ya miaka 70. Katika barua hiyohiyo aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na waoze watoto wao. Yoeli naye aliahidi kwamba miaka iliyoliwa na nzige italipwa, na malipo anayoyataja ni nafaka, divai na mafuta, vitu vitokavyo shambani. Baada ya dhiki faraja, na manabii hao hawakuitenga faraja na kazi.

Watu wa Rungwe, mkoani Mbeya, hawahitaji kufundishwa imani. Wamoravian walifungua kituo chao hapo mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika mjini Tukuyu, huko huko Rungwe, mwaka 1916, wakati huo ukiitwa Neu Langenburg, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Vijana walichukuliwa upagazi, kisha mafua makali ya 1918 yakapita nchini. Kanisa lingeweza kufa. Halikufa, kwa kuwa walimu na wazee wenyeji walishika ibada na mafundisho mpaka wamisionari waliporudi katika miaka ya 1920. Hao ni mababu wa kujivunia, na wajukuu wao hawana udhuru.

Maana kinachokera leo ni hiki: bei ya chai ikianguka au malipo yakichelewa, mtu huacha shamba likamea majani, na mchai usiochumwa wala kupogolewa hugeuka mti, huku mwenyewe akihama mkesha hadi mkesha kutafuta chupa ya mafuta ya upako. Wapo wanaouza ndama ili wampe mhubiri mgeni “mbegu”, na mtoto anakwenda shule bila daftari. Urejesho wa Mungu hauuzwi. Mvumilivu hula mbivu, lakini hakuna ndizi mbivu isiyokuwa na aliyepanda mgomba. Yupo mama wa Kisiba anayeingia kwenye chai umande haujakauka, kikapu mgongoni, vidole vikichuma chipukizi na majani mawili, akikimbilia mzani kabla jani halijanyauka. Huyo analijua tumaini kuliko wengi wanaolihubiri.

Wala suala la matanga haliwezi kupitwa kimya. Kuchinja ng'ombe msibani ni desturi ya zamani ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, na kumzika marehemu kwa heshima ni wajibu. Lakini mjane aliyebakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa anachinjiwa huyohuyo, waombolezaji wanashiba, kisha wanasimama kumwomba Mungu amrejeshee. Hiyo ni sala gani? Watu wa Rungwe wanasifika kwa ukarimu, na ukarimu huo ungeanza kwa kumwachia mjane ng'ombe wake.

Urejesho unaokwenda na kazi ulionekana Yerusalemu ilipojengwa upya chini ya Nehemia: wengi walitengeneza ukuta mbele ya nyumba zao. Walikuwamo makuhani, mafundi wa dhahabu, watengeneza marashi, na Shalumu pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa peke yao walikataa kuinama, na aibu yao imeandikwa hadi leo, ingawa watu wao wa kawaida walimaliza sehemu moja wakashika na ya pili. Ukuta wote ulikamilika kwa siku 52.