Ushauri wa Bwana Shamba: Bomba la Dawa Linalovuja

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuotesha miche ya vitunguu. Mwezi huu tuzungumze juu ya bomba la kunyunyizia dawa, lile tunalolibeba mgongoni. Wengine huliita solo.

Wakulima wengi wa vitunguu na pamba hapa mkoani Singida wanalo bomba hili, au huazima la jirani. Mabomba mengi yanavuja. Mwenye bomba husema, "Linavuja kidogo tu." Leo tuone hicho kidogo ni kiasi gani.

Chukua bomba linalodondosha tone moja kila sekunde. Matone 20 ni kama mililita 1. Basi kwa dakika moja zinapotea mililita 3. Kwa saa moja ni mililita 180, kama nusu ya chupa ya soda. Ukipuliza dawa kwa saa 4, chupa mbili za soda zimekwisha. Dawa hiyo haikufika kwenye vitunguu. Imeingia mgongoni mwako.

YALIYONIPATA MIMI

Nilipoanza kazi nilikuwa na bomba lililovuja kwenye mfuniko. Siku moja nilikuwa na haraka. Nilikunja kitambaa nikakiweka kati ya bomba na mgongo, ili shati lisilowe. Nikapuliza asubuhi nzima. Mchana kichwa kiliniuma. Mate yakanijaa mdomoni. Nikatapika. Nilidhani ni jua.

Pale zahanati mganga alinivua shati. Mgongo ulikuwa mwekundu mpaka kiunoni. Aliniosha kwa sabuni na maji mengi kabla ya kunipa dawa yoyote. Kile kitambaa changu hakikuzuia sumu. Kiliishika sumu na kuibana kwenye ngozi yangu. Mimi niliyekuwa nikifundisha wengine ndiye niliyefanya hivyo.

Ndugu msomaji, si lazima unywe dawa ya wadudu ndipo ikudhuru. Dawa nyingi hupita katika ngozi. Ikivuja mgongoni huteremka kiunoni, kisha kinenani. Ngozi ya kinena hupitisha sumu upesi kuliko ngozi ya mkono.

TAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Usitafute wakati bomba lina dawa. Kwanza vaa glavu, ulioshe mara 3 kwa maji. Maji hayo yamwage katika shamba lile lile ulilopulizia. Usiyamwage mtoni wala karibu na kisima.

Kisha tia maji safi mpaka nusu. Funga mfuniko. Futa bomba lote kwa kitambaa kikavu, ulisimamishe juu ya udongo mkavu. Pampu mara 20, halafu ngoja. Liinamishe kidogo, kama wewe unavyoinama shambani. Tazama mahali hapa patano:

1. Mfuniko. Ndani yake kuna washa ya mpira. Ikikauka au ikipotea, maji hutoka. Nunua nyingine. Kama duka liko mbali, weka washa ya zamani juu ya mpira mkuukuu wa ndani wa baiskeli, chora, ukate. Hiyo ni ya muda tu. Usizibe kile kitundu kidogo cha mfuniko. Hicho ni cha kuingiza hewa. Ukikiziba, pampu itakuwa nzito.

2. Maungio ya mpira mrefu. Mara nyingi mpira hupasuka mwishoni, pale unapobanwa. Kata kipande kilichopasuka, kama sentimita 2 au 3. Chovya ncha katika maji ya moto ili ilainike. Isukume mpaka mwisho, kisha kaza klipu. Kamba na gundi havitoshi. Pampu ina nguvu kuliko kamba.

3. Kishikio cha kufungulia dawa. Ukiachia na dawa bado inatoka, huenda mchanga umeingia. Fungua, osha, tazama pete ya mpira, rudisha. Kama pete imekatika, badili.

4. Ncha ya kupulizia. Isafishe kwa unyasi au brashi laini. Usitumie waya wala sindano, maana tundu litapanuka na dawa itamwagika badala ya kunyunyizika. Wala usipulize kwa mdomo. Hiyo ni sawa na kulamba sumu.

5. Pampu. Kama maji yanatokea pale mkono wa pampu unapoingia, washa ya ndani imelika. Nunua ya aina ya bomba lako. Nenda na ile ya zamani dukani ili zilingane.

Kama tangi lenyewe limepasuka, usilizibe kwa sabuni, nta wala plastiki ya moto. Litapasuka tena ukiwa katikati ya shamba. Na tangi hilo lisiwe la maji ya nyumbani. Litoboe ili mtu asilitumie.

Wenye magari wanajua kazi hii. Kile kifaa cha kurushia maji kioo cha mbele kina tangi, pampu, mpira na ncha vilevile. Nacho huvuja mahali pale pale, na hutengenezwa kwa njia ile ile. Lakini gari likivuja, dereva anapoteza maji na kuona vumbi. Bomba lako likivuja, unapoteza afya.

Ukimaliza kutengeneza, jaribu tena kwa maji. Likikaa kavu, ndipo utie dawa.

UKILOWA DAWA

Acha kazi mara moja. Vua nguo. Oga kwa sabuni na maji mengi. Ukisikia kichwa kinauma, mate yanajaa, jasho linatoka au macho hayaoni vizuri, nenda zahanati. Chukua chupa ya dawa yenye karatasi yake, ili mganga ajue ni sumu gani. Na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mama anayezifua naye ana ngozi. Avae glavu.

Washa ni kitu kidogo. Lakini msimu mmoja wa kuugua ni mkubwa. Kabla ya kwenda shambani kesho, tia maji bomba lako, ulitazame.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kitambaa mgongoni ni hatari?
2. Tunajaribu bomba kwa kitu gani, na kwa nini?
3. Katika kikundi chenu, nani huazima bomba? Nani hulitengeneza?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha vitunguu kabla ya kuvipeleka soko la Misuna.

Wenu,
Bwana Shamba