Tangi la mafuta lipimwe kabla halijafukiwa

KWA mfanyabiashara mwenye mtaji wa kati, biashara ya mafuta ya rejareja ni miongoni mwa zinazovutia sana Ipinda na maeneo jirani ya wilaya ya Kyela. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imewekwa lami, pikipiki zimeongezeka, na mazao yanayosafirishwa kwa malori ni mengi: mpunga, mawese, ndizi na kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na ingawa ilishuka baadaye, fedha iliyoingia mikononi mwa wakulima ilionyesha kwamba soko la petroli na dizeli lipo hata mbali na mji wa wilaya.

Mahesabu ya wawekezaji wengi huanzia kwenye kiwanja, pampu na shehena ya kwanza. Tangi huchukuliwa kama sanduku la chuma tu, linalonunuliwa, likashushwa shimoni na kusahauliwa. Hapo ndipo penye kosa. Katika kituo cha mafuta tangi ndilo ghala, na ghala hili lina sifa moja mbaya: likishafukiwa, mwenye mali hawezi kuliona tena.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tundu linalotoa tone moja kila sekunde hupoteza lita 4 na kidogo kwa siku, yaani zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Tuseme kwa mfano kwamba lita moja imenunuliwa kwa shilingi 3,000 na faida ghafi ni shilingi 150. Kila lita inayozama ardhini itahitaji lita 20 ziuzwe ili kuifidia. Kwa tone hilo moja, mauzo ya lita 86 za kila siku yanakuwa ya bure. Kituo cha kijijini kinachouza lita 500 kwa siku kitakuwa kimetoa sadaka zaidi ya sehemu moja ya sita ya faida yake, tena kabla ya mshahara wa mhudumu na marejesho ya benki. Bandu bandu huisha gogo.

Wala mfanyabiashara huyo hana njia ya kumpelekea mteja hasara hiyo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na atakayeuza juu ya bei hiyo amevunja sheria. Mwenye duka la sukari akipata hasara ya panya anaweza kujaribu kuongeza shilingi chache kwenye kilo. Mwenye kituo cha mafuta hana nafasi hiyo. Anachopoteza kinatoka mfukoni mwake moja kwa moja.

Kinga ya kwanza ni kipimo kinachofanywa tangi likiwa bado juu ya ardhi. Kanuni yake inajulikana na kila fundi wa baiskeli wa Kyela, ambaye hujaza mpira upepo, akautumbukiza katika beseni la maji na kutazama mapovu yanapotokea. Kwa kuwa tangi haliingii katika beseni, maji ya sabuni ndiyo hupelekwa kwenye tangi. Matundu yote huzibwa kwa plagi, upepo hujazwa kwa kiasi kidogo, na povu hupakwa kwenye maungio yote ya kuchomelea na kwenye mashingo ya mabomba. Panapovuja, povu huchemka.

Kiasi cha upepo ndicho jambo la kuangaliwa sana. Kwa matangi ya kawaida ya chuma, desturi ya kazi hii ni psi 3 hadi 5, na maelekezo ya kiwanda yakitaja kiasi kingine ndiyo yafuatwe. Psi 5 huonekana ndogo kwa aliyezoea matairi ya lori, lakini upande wa mwisho wa tangi lenye kipenyo cha mita 1.8 unasukumwa wakati huo kwa nguvu ya tani 9 hivi. Kompresa ya gereji inaweza kutoa zaidi ya psi 100, na geji ya matairi haiwezi kuonyesha vizuri tofauti kati ya psi 4 na 8. Hivyo inahitajika geji ya kipimo kidogo pamoja na valvu ya kupunguzia upepo, na mtu yeyote asisimame mbele ya pande za mwisho za tangi.

Jua nalo lina hila zake. Joto la hewa ndani ya tangi likishuka kwa nyuzi 10, geji itashuka kwa zaidi ya nusu psi hata kama hakuna tundu lolote, na likipanda linaweza kuficha uvujaji mdogo. Kwa sababu hiyo asubuhi mapema au siku ya mawingu yafaa zaidi, na povu liaminiwe kuliko geji peke yake.

Onyo kubwa ni kwa wanaonunua matangi yaliyokwisha kutumika, yanayopendwa kwa bei yake. Tangi lililowahi kubeba petroli lisijazwe upepo kamwe kwa ajili ya kipimo, kwani mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa unaweza kulipuka. Tangi kama hilo lisafishwe na wenye ujuzi, kisha lipimwe kwa maji au kwa gesi isiyowaka. Gharama ya kazi hiyo ikijumlishwa, mara nyingi urahisi wa bei ya mtumba hutoweka.

Wapo watakaosema kwamba tangi hupimwa kiwandani, na kwamba kurudia ni kupoteza siku na fedha. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kiwanda kingekuwa Ipinda. Tangi linalotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 juu ya lori, likateremka milima ya Rungwe, kisha likashushwa kwa minyororo, wakati mwingine bila winchi. Cheti cha kiwandani kinaeleza hali ya tangi siku lilipotoka kiwandani. Hakisemi lolote juu ya ungio lililopata ufa njiani au rangi ya kinga iliyokwanguliwa na mnyororo.

Ardhi ya Kyela nayo inaongeza uzito wa jambo hili. Ni bonde la mvua nyingi kandokando ya Ziwa Nyasa, lenye mito kama Kiwira, Mbaka na Songwe, na wakati wa masika maji ya chini ya ardhi huwa karibu sana. Tangi la lita 10,000 likiwa tupu na likazungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya tani 10, uzito unaoshinda chuma chake mara kadhaa. Lisipofungwa kwenye sakafu ya zege laweza kuinuka na kukata mabomba.

Maji hayo pia hufanya uvujaji uwe mgumu kutambulika. Masika, maji ya nje yakiwa juu kuliko mafuta ya ndani, tundu haliwi la kutoa mafuta bali la kuingiza maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na yakifikia bomba la kunyonya, pikipiki za wateja huanza kuzimika barabarani. Mwenye kituo atatuhumiwa kuchakachua ingawa hakufanya hivyo. Kiangazi maji yakishuka, tundu lile lile hugeuka na kutoa mafuta kuelekea visima vya jirani. Petroli ina benzini, kemikali iliyothibitika kusababisha saratani, na familia nyingi za vijijini bado huchota maji ya visima vifupi.

Yaliyotokea kwingine ni funzo. Mwaka 2015 bomba kuu la mafuta la Kenya lilivuja Thange, kaunti ya Makueni, na wakulima wakapoteza maji na mashamba waliyoyategemea. Bomba la taifa si tangi la kijiji, lakini petroli ikiingia katika maji haiulizi ilikotoka. Marekani ilitunga kanuni za matangi ya ardhini mwaka 1988 na kuwapa wenye matangi ya zamani hadi Desemba 22, 1998 kuyaboresha au kuyafunga. Sehemu zaidi ya 500,000 zimethibitika kuvuja nchini humo, na gharama ya kusafisha imekuwa mzigo kwa wafanyabiashara na serikali.

Ni kweli kwamba kipimo cha kabla ya kufukia hakizuii kutu ya miaka ijayo. Baada ya tangi kushushwa na mabomba kuunganishwa, kipimo kirudiwe kabla ya kufukia kabisa, na kila siku mwenye kituo alinganishe fimbo ya kupimia na mauzo ya pampu. Lakini ulinganisho huo hauna maana kama tangi lilianza kazi likiwa na ufa.

Njia ya kulisimamia jambo hili ni mkataba. Mnunuzi abakize sehemu ya malipo hadi tangi lipimwe mahali litakapofukiwa, mbele yake na mbele ya fundi asiye wa muuzaji. Benki inayokopesha idai karatasi ya kipimo hicho kama inavyodai hati ya kiwanja, kwani nayo mali yake inafukiwa. Wafanyabiashara wa Kyela wanaweza kuchangia geji, plagi na valvu za pamoja, kwani hakuna anayezihitaji kila mwezi. Wakaguzi wa serikali nao wafike tangi likiwa bado linaonekana, kwa sababu mkaguzi anayekuta zege imekwisha kukauka hukagua zege.

Kipimo chenyewe huchukua siku moja. Kulifukua tangi lililojaa mafuta, kulipa fidia ya visima na kurudisha imani ya wateja ni kazi ya miaka, na kwa mwekezaji mdogo wa Ipinda huenda ikawa mwisho wa biashara.