Jirani ana haki ya kujua sumu inayonyunyizwa karibu naye



Wako watu wanaotuambia kwamba habari za dawa za kuua wadudu ni kazi ya maagronomu na ya wizara, wala haziwahusu Wakristo. Tunakataa. Anayenyunyiza sumu juu ya nyanya na kabichi, kisha akamficha mlaji na jirani, anagusa amri ya tano inayolinda uhai na amri ya nane inayolinda ukweli. Nayo serikali inayoacha sumu hiyo iuzwe, bila kudai iandikwe na itangazwe, inashiriki ukimya huo.

Sisi sote tunayaona. Dawa inatolewa katika chombo chake, inapimwa katika chupa ya soda, inauzwa sokoni bila karatasi ya maelezo. Mnunuzi hajui jina lake, wala kipimo, wala siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mtoto akifikishwa katika kituo cha afya akitapika, hakuna awezaye kumtajia muuguzi jina la sumu. Hatumshitaki mkulima maskini: yeye ndiye wa kwanza kudhurika, akibeba pompi mgongoni bila glovu wala kitambaa puani. Tunashitaki utaratibu unaomwacha gizani pamoja na majirani wake.

Misingi ya sheria ipo. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inaiagiza Serikali ilinde afya ya wananchi. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya ulinzi wa mazingira, inatambua haki ya kila mtu ya kupata habari zinazohusu mazingira. Tena nchi yetu imejiunga na Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004. Kwa mkataba huo, nchi inayouza nje sumu zilizomo katika orodha hupaswa kuheshimu uamuzi wa nchi inayozipokea, nayo hukata shauri ikiwa imekwisha kupewa habari. Basi serikali imejipatia haki ya kujua kabla sumu haijavuka mpaka. Kwa nini mjane mwenye kisima kando ya shamba asiwe na haki iyo hiyo kabla sumu haijavuka ua wake?

Mkataba huo unaruhusu pia nchi inayoendelea kupendekeza kwamba dawa iliyowadhuru watu wake iingizwe katika orodha. Lakini pendekezo hudai ushahidi: jina la dawa, namna ilivyotumiwa, madhara yaliyoonekana. Pasipo daftari hakuna ushahidi, na wagonjwa wetu ni kama hawakuugua.

Tujifunze kwa wengine, ila tusiige kuchelewa kwao. Katika jimbo la California, huko Marekani, tangu mwaka 1990 kila mkulima hutakiwa kutoa ripoti kila mwezi: dawa gani, kiasi gani, zao gani, mahali gani, siku gani. Ni jambo jema. Lakini ripoti huja baada ya dawa kunyunyizwa. Ilikuwa mwaka 2025 tu ndipo jimbo zima lilipoanza kuwatangazia wananchi mapema juu ya dawa zenye masharti makali zaidi. Miaka 35 ilipita kati ya kumwandikia mkubwa na kumwambia jirani. Kanuni tunayoidai iwe na sehemu mbili tangu siku ya kwanza: kuandika, na kutangaza kabla.

Wengine watasema: wakulima wetu hawajui kuandika. Lakini vikundi vyetu vya akiba huandika kila mchango wa kila mwanachama, na parokia zetu za mbali kabisa hutunza vitabu vya ubatizo vya vizazi vingi. Wengine watasema: kutangaza kutafukuza wanunuzi. Soko linaloogopa ukweli limejengwa juu ya nini? Wengine tena watasema: nchi ina vita, mambo hayo yangoje. Sumu haingoji amani ndipo iingie kisimani.

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitaja dawa hizi kati ya vyanzo vya uchafuzi unaomgusa kila mtu, akadai pia maamuzi yanayohusu mazingira yafanywe kwa uwazi, wenyeji wakisikilizwa. Basi tuanze kwetu. Kila kikundi cha vijana chenye shamba kiwe na daftari: siku, jina la dawa, kipimo, sehemu ya shamba, siku ya kuvuna. Kitangaze katika jumuiya siku moja kabla ya kunyunyiza. Kikatae dawa isiyo na maelezo. Kipeleke nakala kwa agronomu wa serikali na kwa kituo cha afya, na kudai kila muuzaji na kila shamba kubwa lifanye vivyo hivyo kwa nguvu ya sheria. Hatutaki kufanya kazi ya serikali mahali pake. Tunataka kuiondolea kisingizio kwamba haiwezekani.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, alijifanya hajui. Sisi tuliobatizwa hatuna ruhusa ya kujibu hivyo.