Mashine ya maziwa si simu, wacheni kuiwekea skrini ya simu

Wasee wa kuunda vitu, leo mtanikasirikia. Kila mtu mtaani akitengeneza mashine yake anataka skrini laini kama ya simu, unapitisha kidole tu. Hata mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili nikijiona injinia tayari, nikamuundia anti yangu wa Kayole mashine ya kuuza maziwa, ile tunaita ATM.

Nikaweka skrini ya kapasitivu. Kwa video ilikuwa moto! Wiki ya kwanza dukani, mtoto akaja na kachupa, anataka maziwa ya mbao. Anti akagusa 20. Kumbe kulikuwa na tone la maziwa limebaki pale kwa sifuri, skrini ikadhani ni kidole, ikaandika 200. Kufikia tuchomoe waya, maziwa yameshafika mlangoni. Ile mashine ilinunuliwa na mkopo wa chama, na anayedaiwa si mimi.

Nilijitetea ati anti hajui kuitumia. Uongo. Kontrola ya kapasitivu inasoma vile umeme mdogo kwenye glasi unabadilika kidole kikikaribia. Maji pia yanaubadilisha, na sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Kuna chipu zinazojua kupuuza matone, lakini lazima zipangwe kulingana na glasi yenyewe, na hiyo kazi kawaida hufanywa na mwenye kutengeneza skrini. Wewe umenunua moja tu Luthuli, nani atakupangia?

Sasa zile za rezistivu, zenye mnacheka ati za kizamani. Juu kuna tabaka mbili nyembamba. Ukizifinya zinagusana, chipu kama XPT2046 inapima volteji na kukupa namba kati ya 0 na 4095. Basi. Kidole chenye mafuta, glavu, kifuniko cha biro, zote sawa, na tone la maziwa halina nguvu ya kufinya kitu. Ndio, inasoma kidole kimoja tu, plastiki inakwaruzika, na ukiifunga mara ya kwanza lazima uguse pembe zake ndio ijue iko wapi. Lakini nani anakuza picha na vidole viwili akinunua maziwa? Halafu ikiharibika unabadilisha ile ya juu pekee, kwa sababu mara nyingi chipu iko kwa bodi. Kapasitivu nyingi chipu imekaa kwa ule mkia wa glasi, so glasi ikipasuka na chipu imeenda nayo.

Na kusema ukweli, ATM nyingi za maziwa na za salad huku Eastlands zina vibonye vya namba. Nilikuwa naona wenye kuziunda ni washamba.

Anti amesema skrini nyingine nitalipia mwenyewe, lakini vibonye tutachanga. Kesho niko Luthuli.