KAZI ZA MIKONO: Nakala ya Chombo Kisichopata Kuruka

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, katika mji wa Dallas, Marekani, kitu cha plastiki chenye urefu wa kiasi cha nusu mita kiliuzwa mnadani kwa dola 3,135,000. Ndani yake hamkuwa na dhahabu wala kito cho chote. Kilikuwa ni modeli ya chombo cha anga za juu kiitwacho X-wing, iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977. Chombo kilipewa jina hilo kwa sababu mabawa yake manne, yakifunguka, hufanana na herufi X. Modeli hiyo, ambayo katika hadithi ni chombo cha kiongozi wa kikosi, ilikuwa imepotea machoni pa watu kwa miaka mingi, hata ilipogunduliwa miongoni mwa mali ya marehemu Greg Jein, fundi mashuhuri wa modeli za senema, aliyefariki mwaka 2022.

Fedha hizo zinashangaza, lakini wako watu ambao chombo hicho kinawashughulisha kwa sababu nyingine kabisa. Hawa ni mafundi wa nyumbani, katika nchi mbalimbali, ambao hutumia saa zao za jioni kutengeneza nakala yake. Hawatafuti kitu cha kuchezea watoto. Wanataka nakala yenye ukubwa ule ule wa modeli ya studio, kipande kwa kipande, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kazi ya namna hiyo yaweza kuchukua miaka, na mwenye haraka hushindwa mapema.

Ili kuuelewa ugumu wake, hapana budi kwanza kujua jinsi asili yenyewe ilivyoundwa. Mwaka 1975 mtengenezaji wa filamu hiyo, George Lucas, alianzisha karakana huko Van Nuys, katika jimbo la California, iitwayo Industrial Light & Magic. Colin Cantwell ndiye aliyebuni umbo la kwanza la X-wing, Joe Johnston akaliendeleza, na kazi ya kuunda modeli ikasimamiwa na Grant McCune. Muda ulikuwa mfupi. Kuchonga maelfu ya vipande vidogo kwa mkono kusingewezekana, kwa hiyo mafundi walinunua seti nyingi za plastiki za kuunganisha, zile ziuzwazo madukani kwa ajili ya watoto na wapenzi wa modeli: vifaru, ndege za kivita, manowari, magari ya mashindano. Wakazifungua, wakachagua vipande, wakavibandika juu ya vyombo vyao vya anga. Jicho la mtazamaji likiona juu ya kitu vipande vingi vidogo vidogo, huamini ya kuwa kitu hicho ni kikubwa mno.

Askari aliyezoea silaha angetabasamu akijua ni nini hasa anachokitazama katika filamu hizo. Miongoni mwa seti zilizotumiwa na karakana hiyo zilikuwamo za mizinga ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili: ule wa kutungulia ndege wa milimita 88, na mzinga mkubwa wa reli ulioitwa Leopold. Hata mapigano ya angani yalipangwa kwa kufuata picha za vita vya ndege zilizokatwa kutoka katika filamu za zamani. Basi vita vya nyota vina asili ya hapa hapa duniani.

Kazi ya kwanza ya fundi wa nakala, kwa hiyo, ni upelelezi. Hukaa na picha za modeli ya asili, akikitazama kila kinundu na kujiuliza: hiki kimetoka katika seti gani? Je, ni gurudumu la kifaru, au ni kipande cha injini ya gari la mashindano? Akikijua, amepata faida mbili. Ya kwanza ni dhahiri, maana aweza kukitafuta kipande chenyewe. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya hesabu. Modeli ya asili imefungiwa mbali naye, na hawezi kuipima kwa rula. Lakini kipande cha seti anacho mkononi na aweza kukipima. Tuseme kipande hicho kina upana wa milimita 20, na katika picha kinaonekana na upana wa milimita 4. Picha imekipunguza mara 5. Bawa linaloonekana na urefu wa milimita 50 katika picha hiyo, basi, lina urefu wa milimita 250. Kwa njia hiyo kipande kimoja kidogo hutoa vipimo vya chombo kizima.

Hata hivyo hesabu hiyo ina mtego. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Kipande na bawa visipokuwa katika umbali mmoja, jibu litapotoka. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hukisia kutoka katika picha nyingi, tena zilizopigwa toka pande mbalimbali, na wala haridhiki mpaka majibu yake yakubaliane.

Vipimo vikipatikana, huja swali ambalo ndilo kiini cha kazi yote: nakala sahihi ni nakala ya nini? X-wing halisi haikuwako kamwe. Iko modeli tu, iliyotengenezwa na watu waliochoka, kwa mkono, ikisubiriwa na kamera. Vyombo viwili vya kikosi kimoja havilingani kabisa. Fundi wa nakala akikuta kipande kimekaa upande, mkono wake utatamani kukinyoosha. Asikinyooshe! Akikinyoosha atakuwa ametengeneza chombo kizuri zaidi, lakini nakala haitakuwa nakala tena. Utii wa namna hiyo ni mgumu kuliko ubunifu, na mafundi wengi wenye vipaji vikubwa hushindwa hapo.

Rangi nayo ina mashaka yake. Alama za kikosi katika modeli ni nyekundu, na wekundu huo una sababu. Modeli zilipigwa picha mbele ya pazia la buluu, kisha buluu hiyo ikaondolewa katika maabara ili mahali pake pawekwe nyota. Lo lote la buluu juu ya chombo lingeondolewa pamoja na pazia, likaacha tundu. Kikosi kilichokusudiwa kuwa cha buluu kikageuzwa kuwa chekundu. Lakini ni wekundu gani? Plastiki na rangi hubadilika kwa miaka. Nyeupe huelekea umanjano. Modeli jinsi ilivyo leo si ile iliyopakwa rangi zamani zile, na ile inayoonekana katika filamu imepitia taa kali, filamu na maabara. Rangi tatu, na zote za kweli. Fundi hana budi kuchagua moja na kuishikilia mpaka mwisho. Anayechanganya, mwili wa zamani na alama za leo, hupata kitu ambacho hakikuwako siku yo yote. Pengine lililo jema zaidi ni kufuata modeli jinsi ilivyotoka mikononi mwa mafundi, na kuuachia wakati uizeeshe nakala kama ulivyoizeesha asili.

Uchafu wa chombo hutengenezwa kwa rangi nyepesi ya kupuliza, unga wa chaki na unga wa penseli. Usizidishe.

Kuhusu vipande, seti nyingi za zamani zimeadimika na bei zake ni kubwa. Wenye kipande kimoja hukitengenezea kalibu ya silikoni na kumimina rezini ndani yake. Njia hiyo ni nzuri mara ya kwanza. Lakini rezini hunywea kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala iliyotolewa katika nakala nyingine hupungua, na ya tatu hupungua zaidi, hata kipande kikakataa kuingia mahali pake. Siku hizi wako pia watumiao kompyuta na mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Mashine hizo hupunguza gharama, ila huacha mistari ambayo yahitaji msasa na subira.

Neno moja kwa wenye nyumba. Vumbi la rezini si zuri kwa mapafu. Kipande kipigwe msasa kikiwa na maji, na fundi afunike pua na mdomo. Gundi na rangi zitumiwe dirishani au uani, mbali na jiko linalowaka. Visu vya kukatia plastiki viwekwe juu, mahali pasipofikiwa na watoto, na meza ya chakula iachiwe chakula.

Limebaki jambo ambalo askari polisi ataliona upesi kuliko wengine. Asili ikiuzwa kwa zaidi ya dola milioni tatu, nakala iliyo kamili ni kishawishi. Modeli iliyouzwa Dallas ililinganishwa na picha za filamu yenyewe, alama kwa alama, kama vile mpelelezi alinganishavyo alama za vidole: tone la gundi hapa, mkwaruzo pale. Fundi wa nakala naye huyanakili matone na mikwaruzo hiyo hiyo. Ustadi wake wote unakwenda katika kuziba tofauti ambazo kwazo mdanganyifu angekamatwa. Yeye mwenyewe huenda akawa mwaminifu kabisa, lakini chombo kitaishi kuliko yeye, kitarithiwa, kitauzwa, na mnunuzi wa tatu hatajua kilitoka wapi.

Kwa hiyo afadhali nakala iwekwe alama tangu mwanzo, tena pasipofutika. Karatasi iliyobandikwa chini haifai, kwani hubanduka kwa maji ya moto. Kabla ya nusu mbili za kiwiliwili kuunganishwa, fundi achore kwa sindano ya chuma, upande wa ndani, jina lake, mwaka, na neno NAKALA. Mikato iwe na kina cha nusu milimita hivi, ili msasa usiweze kuiondoa bila kuacha dalili. Kisha ndipo atie gundi na kuzibana nusu hizo kwa kamba, na kuziacha usiku kucha.