Kosa la Mahakama Asilipishwe Mshtakiwa

Mwananchi asikiapo kwamba mtu aliyehukumiwa kunyongwa amefutiwa hukumu na Mahakama ya Rufani kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee wa baraza jambo fulani la sheria, hudhani huo ni ujanja wa mawakili. Marehemu alikwisha kuzikwa na mashahidi walikwisha kusema. Iweje maneno ambayo hayakutamkwa yabomoe kesi nzima? Swali hilo ni halali, na linastahili jibu.

Nchini Uingereza jopo la wananchi ndilo linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Tanzania ilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi kesi za jinai katika Mahakama Kuu zilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, raia wasio wanasheria. Maoni yao hayakumfunga jaji. Lakini sheria ilitaka yatolewe, na yatolewe na watu wanaoelewa wanachokitolea maoni. Mzee ambaye hakuelezwa maana ya dhamira ya kuua, au namna ya kupima ungamo lililokanwa na utambuzi uliofanyika gizani, atashauri nini? Huyo amewekwa kitini kama pambo.

Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979, ilikata shauri hilo bila kuacha shaka: wazee wakipotoshwa au wasipoelezwa jambo la msingi, kesi hiyo haihesabiwi kuwa imesikilizwa kwa msaada wao. Tangu hapo hukumu nyingi za mauaji zilitenguliwa. Nyingine zilianguka kwa sababu wazee waliachiwa kuwahoji mashahidi kwa ukali, kana kwamba ni mawakili wa upande mmoja, badala ya kuuliza maswali ya kupata ufafanuzi.

Msingi huo ni wa haki, hasa kwa kuwa kosa la kuua kwa makusudi limebeba kwa muda mrefu adhabu moja tu. Katika makosa mengine mrufani huweza kulalamika kwamba adhabu imepita kiasi, na mahakama ya juu ikaipunguza. Kwa adhabu ya kunyongwa ya lazima, jaji hana la kupima. Mlango uliobaki ni kuichunguza hatia yenyewe. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji uhuru huo kunakiuka haki ya kuishi.

Lakini ukweli wa upande wa pili nao usemwe. Kesi ikirudishwa kusikilizwa upya, kosa ni la mahakama lakini anayerudi mahabusu ni mshtakiwa. Miaka inapita, mashahidi wanahama au kufariki, na ndugu wa marehemu wanaitwa kusimulia upya msiba wao. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1966 kwamba kesi isirudishwe ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Onyo hilo lizingatiwe daima.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na wazee wa baraza si wa lazima tena. Wapo waliofurahi kwamba chanzo cha rufani kimekauka. Furaha hiyo isizidi kipimo. Maelezo ambayo jaji alipaswa kuwapa wazee, sasa hana budi kujipa mwenyewe, na kuyaandika katika hukumu yake ili mfungwa, wakili na mahakama ya juu wayasome. Aidha, raia alipoondoka kitini pale, liliondoka pia jicho la umma lililokuwa karibu kabisa na jaji.

Mwalimu anayemfukuza mwanafunzi na ofisa anayemwachisha mtumishi kazi wanajua, au wapaswa kujua, kwamba uamuzi usio na sababu zilizoelezwa ni amri tupu. Kama ni hivyo kwa kazi na masomo, ni zaidi kwa uhai wa mtu. Kazi ya kueleza ifanywe sawasawa siku ya kwanza, ili Mahakama ya Rufani isilazimike kuifanya baada ya miaka kumi.