Kufuli Katika Mkataba

Wanaosifia pikipiki za umeme hapa Nairobi huzungumza kuhusu betri. Mimi nataka tuzungumze kuhusu mikataba ya kupanga, kwa sababu humo ndimo uhuru wetu unamouzwa huku tukipiga makofi.

Petroli ina ubaya wake, lakini ina jema moja: ya Rubis na ya Total huingia tangi lilelile. Zamani mdogo wangu, mwanabodaboda, akiona foleni kwenye kituo kimoja, alivuka barabara hadi kingine. Siku hizi havuki. Pikipiki ni yake, betri ni ya kampuni, na hubadilishwa kwenye makabati ya kampuni hiyo tu. Makabati hayo yamewekwa kwenye nafasi za kupanga, katika vituo vya mafuta na maegesho ya maduka. Mwenye jengo akitia sahihi kwamba hatampangishia mshindani, hajapangisha mita chache za saruji tu. Amewachagulia waendeshaji wote wa mtaa huo kampuni ya kuitegemea.

Nitaambiwa mwenye mali ana haki yake, na kwamba kampuni imetumia pesa nyingi kuvuta nyaya, hivyo inahitaji muda wa kuzirudisha. Nakubali. Ipewe mkataba wa miaka mingi. Lakini kupewa muda ni jambo moja, kupewa kufuli la mtaa mzima ni jambo lingine.

Hili si geni. Mwaka 2019 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilipendekeza kukomeshwa kwa mikataba iliyoziwezesha supamaketi kubwa kuwafungia wenzao nje ya majengo ya biashara. Ikiwa mkate ulistahili kutetewa hivyo, kwa nini si umeme?

Tena umeme wenyewe unatokana na mali yetu sote: mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Turkana. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Nafuu hiyo itamfikiaje mwendeshaji asiye na pa kwenda kwingine?

Rwanda, katika vivutio ilivyotangaza mwaka 2021, iliahidi ardhi ya serikali bila kodi kwa vituo vya kuchaji. Nasi tuna masoko na stendi za matatu. Kaunti itoe nafasi huko kwa sharti moja: zisiwe za kampuni moja. Na katika majengo ya watu binafsi, kifungu cha kumfungia mshindani kipigwe marufuku sasa, kabla kona nzuri hazijaisha.

Wewe unayesoma sheria au uchumi, kesho utaajiriwa kuandika mikataba hii. Wataita kifungu hicho cha kawaida. Waulize: cha kawaida kwa nani?